Saa Mbili Baada ya Kikao

SWALI: Nabuni vitambaa vya mapazia na viti, na kazi hunisafirisha mara kwa mara. Vikao vikiisha hubakiwa na saa mbili tu. Nakimbilia makumbusho au karakana ya wafumaji, napiga hata picha 200, lakini nikirudi mezani hazinipi kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Hizo picha 200 ndizo kosa lenyewe. Picha itakuonyesha ua, haitakuonyesha limeingiaje kwenye kitambaa. Chagua kitambaa kimoja ukae nacho dakika 40, ukiwa na daftari, utepe wa kupimia, kioo cha kukuzia na penseli (makumbusho mengi hayataki kalamu ya wino karibu na vitu vyao).

Ukiruhusiwa kukishika, kigeuze kwanza. Rangi ikiwa hafifu nyuma kuliko mbele, mara nyingi nakshi imechapwa. Ukiona nyuzi zinazoruka na rangi zilizobadilishana nafasi, imefumwa. Mafundo na mikia ya uzi ni dalili ya tarizi. Kisha hesabu nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa) katika sentimita 2, halafu za mshindio (zinazozikatiza kwa upana), sehemu tatu tofauti, kwa kuwa mkono wa mfumaji haukazi sawasawa mwanzo hadi mwisho. Nakshi usiipime mara moja tu: pima marudio 5 yanayofuatana (rudio ni umbali kutoka mwanzo wa umbo hadi linapoanza tena), ugawe kwa 5. Ukikosea milimita 2 kwa rudio moja, kwenye pazia lenye marudio 40 utakuwa umepotoka sentimita 8.

Rangi ndiyo huwaponza wengi. Chini ya taa ya manjano bluu nzito huonekana kama nyeusi, na simu nayo hujirekebishia mwanga kivyake. Omba kitambaa kisogezwe kwenye kivuli cha mchana, weka karatasi nyeupe na utepe ndani ya picha, rudi nyuma hatua mbili, kisha kuza. Ukipiga kwa karibu mno, mistari ya kingoni hupinda na vipimo vyako vyote vinaharibika.

Karakanani, mwombe fundi akuonyeshe kipande kilichoharibika. Hapo ndipo mbinu inapojieleza. Utaona, kwa mfano, pindo limejivuta ndani kama kiuno: mshindio ulikazwa mno, haukuachiwa ulegevu kabla ya kugongwa ukae mahali pake. Ukishalielewa hilo, unaweza kulifanya kwa makusudi kwenye kitambaa chako. Andika usiku uleule. Kesho namba zitakuwa hazina maana hata kwako.

SWALI: Nakshi niliyoiona naweza kuitumia kama ilivyo?

JIBU: Muulize aliyeifuma, na uliza pia huvaliwa na nani na lini, nyingine ni za msiba au za cheo. Mpangilio wa nyuzi na uwiano wa rangi ni rahisi kuazima, umbo lenyewe linahitaji ruhusa. Akikubali, andikianeni malipo na jinsi jina lake litakavyotajwa kabla hujaondoka, maana ukishapanda ndege kumpata tena ni kazi.