Huduma ambayo ningekubali kukatwa kodi zaidi kwa ajili yake kwa moyo mweupe

Swali ni hili: ni huduma gani ya umma ungekubali kuongezewa kodi kwa ajili yake bila kunung'unika? Wengi hutaja barabara, wengine shule, na siwapingi. Mimi nina moja tu: huduma ya dharura. Simu inayopokelewa usiku wa manane, gari la wagonjwa lenye mtu aliyesomea kazi hiyo ndani yake, na damu iliyokwisha kupimwa ikisubiri kwenye friji ya hospitali. Navitaja vyote vitatu pamoja kwa sababu kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havimfikishi mtu mbali.

Mdogo wangu alijifungua saa saba usiku kwenye kituo kidogo cha afya. Mtoto alilia vizuri, sisi huko nje tukakumbatiana. Haikupita nusu saa mkunga akatoka, glavu zimelowa hadi kwenye vifundo, akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, damu haikatiki. Inabidi ahamishwe sasa hivi."

Pesa tulikuwa nazo. Ukoo mzima ulichanga kwa ajili ya uzazi ule. Nakumbuka nilizitoa mfukoni nikazishika mkononi, na hakukuwa na mtu wa kumpa. Gari la wagonjwa lilikuwa moja, na lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine. Lilipofika baada ya dakika hamsini, dereva alikuwa peke yake. Ikabidi mkunga awaache akina mama wawili wodini na mhudumu wa usafi, apande nyuma na sisi. Njia nzima alikuwa anamkandamiza tumbo, na mimi nimeinua chupa ya dripu juu ya kichwa changu kwa sababu ndoano ya kuitundikia ilikuwa imekatika. Mkono ulikufa ganzi. Sikuthubutu kuushusha.

Hospitali kubwa madaktari walikuwapo, na chumba cha upasuaji kilikuwa tayari. Damu ya kundi lake ilikuwa chupa mbili tu. Mimi na shemeji tukatolewa damu, lakini damu haitoki kwa mtu huyu ikaingia kwa yule hapo hapo. Lazima kwanza ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri majibu ya damu yetu wenyewe. Mdogo wangu alipona, ila walilazimika kumtoa kizazi. Ana mtoto huyo mmoja.

Baadaye nilisoma kwamba mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Nikajua tulikuwa karibu kiasi gani. Nikasoma pia kuhusu watafiti wawili, Thaddeus na Maine, ambao mwaka 1994 waliandika juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika penye msaada, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Sisi hatukuchelewa kuamua. Hayo mengine mawili yalitukuta yote.

Watu huniambia, si ukate bima tu? Bima nzuri ni jambo la maana, lakini bima hulipa bili. Haiweki dereva zamu ya usiku wala haijazi friji ya damu. Mwenye bima na asiye nayo wanasubiri gari lile lile. Chembe nyekundu za damu zikitunzwa kwenye baridi inayotakiwa hukaa takriban siku 42, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku tano tu. Kwa hiyo kampeni moja ya kuchangia damu kwa mwaka haitoshi. Kinachotakiwa ni watu wanaolipwa kila mwezi kukusanya, kupima na kusambaza, hata wiki ambayo hakuna aliyeitisha chupa. Hivyo hivyo kwa gari. Likilala limeegeshwa usiku kucha na wahudumu wake wako macho, wengine huona ni hasara, lakini kwangu huo ndio utayari wenyewe. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa kwa umeme hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia kati ya 7 na 10. Utayari wa namna hiyo hakuna familia inayoweza kujinunulia peke yake, na ndiyo kazi ya kodi.

Masharti ninayo, tena siyalegezi. Pesa ziwe na jina lake. Mwaka 2003 Uingereza iliongeza makato ya bima ya taifa kwa asilimia moja, wananchi wakiambiwa wazi kwamba ni kwa ajili ya huduma ya afya. Mwaka huo huo Ghana ilipitisha sheria ya tozo ya asilimia 2.5 kwa ajili ya mfuko wa bima ya afya. Lakini mwaka 2017 Ghana ikapitisha sheria nyingine ya kuwekea ukomo mifuko ya aina hiyo, na sehemu ya makusanyo ikabaki serikalini kwa matumizi mengine. Ndiyo maana jina peke yake halinitoshi. Nataka sheria inayokataza pesa hizo kuhamishwa.

Na nataka hesabu ninayoweza kuielewa bila kuwa mhasibu, ibandikwe kwenye lango la kila hospitali kila mwezi: simu ngapi zimepigwa, ngapi zimepokelewa, zimepita dakika ngapi mpaka gari kufika, na ni siku ngapi friji ya damu ilikuwa tupu. Dakika za sasa zitangazwe kabla sijaanza kukatwa, ili mwaka ukiisha tujue kama zimepungua.