Cheni ya Taimingi Ikikatika, Usikubali Kuambiwa "Ni Cheni Tu"

Juzi usiku ndugu mmoja wa Paje, hapahapa Zanzibar, alinitumia ujumbe. Kwadi yake, ile pikipiki ya magurudumu manne, imemzimikia njiani akiwa na wageni, fundi kafungua kakuta cheni ya taimingi imekatika, na anataka hela anunue nyingine aifunge asubuhi. "Nimpe?" Nilisoma tumbo likanikata, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Nina kwadi tatu Nungwi, nazungusha wageni njia za ndani mpaka Kidoti. Iliyonitia hasara ni ya injini ndogo aina ya GY6, cc 150. Wiki mbili nzima ukiiwasha asubuhi ilipiga chakachaka upande wa cheni, ikipata moto inanyamaza. Nilisikia. Lakini ilikuwa Agosti, wageni wamejaa, kila siku nikasema kesho. Ikazima nikiwa na mgeni nyuma. Nikabonyeza starta, injini ikazunguka nyepesi kama feni, kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, hakuna.

Fundi akaniambia, "Bosi, cheni tu hiyo." Akafunga mpya. Haikuwaka. Akasema plagi, tukabadilisha plagi. Akasema kabureta, tukaosha kabureta. Siku nne, hela inatoka, wageni wanakwenda kwa jirani. Mpaka leo sijaisahau siku ya nne, nilivyosimama pale nikimtazama anakusanya spana zake.

Nikafungua hedi, kile kichwa cha juu ya silinda chenye valvu, mwenyewe. Kwenye injini hizi krenki, mhimili uliofungwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kemshafti, mhimili unaofungua valvu, inazunguka mara moja, na kinachozifunga pamoja ni ile cheni. Ikikatika kemshafti inasimama, valvu iliyokuwa wazi inabaki imening'inia ndani ya silinda, na pistoni bado inapanda kwa kasi. Niliigeuza hedi, nikamimina petroli kidogo kwenye tundu la ekzosti. Ikachuruzika pembeni ya valvu hapohapo, maana yake valvu haifungi. Nikaitoa valvu, nikaiviringisha juu ya kioo: kichwa chake kiliyumba kama ringi ya baiskeli iliyogonga jiwe. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta kwenye plagi siku nne!

Nilinunua valvu mbili, nikazisaga kwa dawa yake mpaka petroli ikakaa bila kuvuja. Vipande vya cheni ya zamani nilivipanga chini kimoja kimoja. Kimoja kilikosekana, nikakivua kwa sumaku ndani ya injini. Kingebaki mle, ningekuwa nimefanya kazi bure.

Kufunga kwenyewe kunahitaji utulivu kuliko nguvu. Alama ya T kwenye magineti, lile gurudumu la mwisho wa krenki, iikabili alama ya kwenye injini. Kwenye sproketi ya kemshafti, yaani gia inayovaa cheni, tundu kubwa litazame nje na yale mawili madogo yalale sambamba na uso wa hedi. Tenshena, kifaa kinachokaza cheni, irudishe ndani kwa bisibisi ndogo kabla ya kuifunga, ndipo uiachie ibane. Kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili ya krenki, uone alama zimerudi palepale. Ikigoma katikati, simama, usilazimishe. Starta haina huruma, mkono wako unahisi. Mwanya wa valvu niliuweka 0.10 mm injini ikiwa baridi. Iliwaka, na tangu siku ile hakuna anayefungua injini zangu nikiwa sipo.

Ndugu zangu mnaoishi kwa hizi kwadi, sikieni injini zenu. Ile chakachaka ya asubuhi ni taarifa. Injini hii inabeba oili isiyofika lita moja, na mchanga wetu mnaujua; pima oili kila siku, ya zamani imwage mapema utie mpya. Na cheni ikikatika hedi ifunguliwe, fundi akinuna anune. Fundi mzuri hakasiriki ukikaa pembeni yake ukauliza, anakuonyesha. Aliyekuficha kazi yake mara ya kwanza atakuficha na ya pili. Gari ni lako, watoto wanaokula kwa gari hilo ni wako.

Yule ndugu wa Paje kanijibu leo asubuhi. Hedi imefunguliwa, valvu ya ekzosti imepinda. Vipande vya cheni wamevipanga, kimoja hakionekani, na fundi anataka kufunga hivyohivyo. Nimemwambia asimruhusu, atafute sumaku.