Chumba cha futi 10 kwa 10: anza na kitanda, kisha uvungu

Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 ni cha kawaida kabisa mijini kwetu. Humo hulala mtu mmoja au wawili, pengine na mtoto, na humo humo hukaa nguo, mabegi, viatu, feni na ndoo. Anayebanwa na chumba kama hicho mara nyingi hukimbilia kununua rafu, vikapu au kabati jipya. Huko ni kuanzia mkiani. Kinachoamua kama chumba kitapitika ni kitanda, na kosa la kitanda halirekebishwi na kikapu chochote.

Kabla ya kwenda kwa seremala au dukani, chukua futi kamba upime sakafu ukuta hadi ukuta, kisha upime tena usawa wa kiuno. Kuta nyingi hazikunyooka, na inchi 2 zinazopotea katikati ndizo zitakazozuia kabati kuingia kwenye pembe yake. Pima pia uwazi wa mlango wenyewe, upana wa korido, na kimo cha dari. Halafu uchore kwa chaki sakafuni: kitanda, kabati likiwa limefunguliwa milango, na duara ambalo mlango wa chumba unalipiga unapofunguka. Simama ndani ya michoro hiyo, jigeuze, inama kama unayetafuta kiatu. Mlango unaoishia nusu kwa kugonga mguu wa kitanda utakusumbua kila siku, na siku ya kubadilisha godoro utakusumbua zaidi.

Sasa hesabu yenyewe. Tukisema kitanda cha 5 kwa 6 tunataja godoro. Kitanda chenyewe, pamoja na mbavu, kichwa na ubao wa miguuni, hufika kama inchi 64 kwa 80. Acha inchi 3 kati yake na ukuta, maana mkono lazima upite kuchomeka chandarua, na ukuta lazima upate hewa. Chumba kina inchi 120. Toa 67, zinabaki 53. Kabati la nguo la kina cha futi 2 likikaa ukuta wa pili linachukua 24, na njia inabaki inchi 29. Mtu anapita vizuri, anafungua kabati, anavaa suruali amesimama.

Rudia hesabu hiyo kwa kitanda cha 6 kwa 6. Upana wake ni inchi 76, na ukiongeza zile 3 unapata 79. Zinabaki 41. Toa kabati: inchi 17. Hapo unapita kwa ubavu, na mlango wa kabati wenye upana wa inchi 18 unagonga kitanda kabla haujafunguka wote. Tofauti ya vitanda hivi viwili ni futi 1 tu, lakini futi hiyo ndiyo njia yote. Kwa watu wawili katika chumba cha 10 kwa 10, ushauri wangu ni 5 kwa 6. Kwa anayelala peke yake ni 4 kwa 6, au hata 3 na nusu, na ile futi inayookolewa inatosha meza nyembamba ya kusomea. Kitanda cha 6 kwa 6 kwenye chumba hiki kinawezekana kwa sharti moja: kabati la kina cha futi 2 lisiwepo, na nguo zipangwe kwa njia nyingine nitakayoeleza.

Uvungu

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na hawakukosea kuuona uvungu kama ghala. Chukua kitanda cha 5 kwa 6, ambacho eneo la godoro lake ni kama mita 1.5 kwa 1.8. Uwazi wa chini ukiwa sentimita 35, yaani inchi 14, unapata karibu mita 1 ya ujazo. Kabati la upana wa futi 4, kimo futi 6 na kina futi 2 lina ujazo wa kama mita 1.4. Kwa hiyo uvungu mzuri unakaribia robo tatu ya kabati, na sakafu yake umeshailipia. Vitanda vingi vya dukani vina uwazi wa inchi 7 au 8 tu, na humo haingii begi la safari la maana.

Ukimpa seremala kazi, usimwambie tu "kitanda kirefu". Mwambie uwazi kutoka sakafuni hadi chini ya ubavu uwe inchi 14. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia: seremala huhesabu kimo cha chaga, kisha anapiga ubavu wa ubao wa inchi 6 au 8 unaoning'inia chini ya chaga, na mlango wa uvungu unakuwa mdogo ingawa ndani kuna nafasi. Ubao wa upande unaotolea vitu uwe mwembamba, ila uwe na mhimili katikati. Kitanda cha upana wa futi 5 bila mguu wa kati hulegea chaga ndani ya mwaka, na chaga zilizolegea huharibu godoro.

Angalia pia kimo cha kukalia. Uwazi wa inchi 14, ubavu mwembamba na chaga kama inchi 3, godoro la inchi 8, jumla inchi 25. Kwa mtu mfupi, mtoto au mzee hiyo ni ndefu, miguu inaning'inia. Ukitumia godoro la inchi 6 unashuka hadi 23, ambayo wengi wanaimudu. Penye mzee au mjamzito, punguza uwazi hadi inchi 11 au 12 ukubali kupoteza kidogo.

Kama kitanda unacho tayari, kinaweza kunyanyuliwa. Watu hutumia tofali za saruji, na hizo hupasuka pembeni au kitanda huteleza kikisukumwa wakati wa kudeki. Afadhali vipande vinne vya mbao ngumu vya inchi 6 kwa 6, vilivyochimbwa shimo la inchi 1 ili mguu wa kitanda uzame humo usichomoke. Bandika kipande cha raba ya tairi chini yake. Nyanyua kwa inchi 4 hadi 6, usizidishe. Na kumbuka chandarua: kitanda kikipanda inchi 6 na kamba zikabaki pale pale, chandarua kinajaa mawimbi juu ya godoro na kuwagusa waliolala. Mbu humuuma anayekigusa bila hata kuingia ndani. Pandisha na kamba nazo.

Suluhisho safi zaidi liko kwenye vitanda vya zamani vya pwani. Samadari ilisimama juu, ikawa na uvungu wa kweli, na nguzo zake nne zilibeba chandarua bila msumari hata mmoja ukutani. Seremala akikuongezea nguzo nne nyembamba za kufika futi 6 na nusu kutoka sakafuni, chandarua cha mstatili kinashuka wima kwenye ukingo wa godoro na hakigombani na rafu yoyote. Ila kama chumba kina pangaboi, hakikisha nguzo hazifiki kwenye mzunguko wa mabawa.

Vitu vya kuweka uvunguni ni vile unavyovihitaji mara moja kwa mwezi au chini ya hapo: mabegi yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, blanketi, nguo za sherehe, vyombo vya wageni. Ukijikuta unainama kila siku, kitu hicho hakikupaswa kuwa pale. Tumia makasha ya plastiki yenye mifuniko. Maboksi ya karatasi hunyonya unyevu, mende hutagia kwenye mikunjo yake, na mchwa ukipenya sakafuni huanza nayo. Unga, mchele na maharage visikae uvunguni kabisa, panya hawatangoja mwaliko.

Droo za kitanda zinavutia machoni, lakini zina masharti. Droo ya kina cha futi 2 inataka futi 2 mbele yake, na juu ya hapo sehemu ya kusimama. Njia yako ni inchi 29. Inafunguka, nawe unapiga magoti juu ya kitanda. Reli za chuma nazo hushika kutu haraka kwenye miji ya pwani. Kasha lenye magurudumu manne linafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo, na unapodeki unalivuta lote nje.

Nguo

Kina cha futi 2 kinahitajika kwa nguo zinazoning'inia tu, kwa sababu henga lenyewe lina upana wa karibu sentimita 45 na mabega ya koti huzidi hapo. Nguo zinazokunjwa zinatosha kina cha sentimita 35 hadi 40. Kwa hiyo tenganisha. Kanga na vitenge, fulana, mashuka na nguo za watoto ziende kwenye rafu nyembamba; zinazoning'inia zipewe upana wa futi 2 na nusu hadi 3 tu. Mashati na blauzi zinahitaji kimo cha mita 1, hivyo bomba mbili za kutundikia, moja juu ya nyingine, zinabeba mara mbili. Kanzu, baibui na magauni marefu yanataka mita 1.5, acha upande mmoja bila bomba ya pili.

Kanga zikirundikwa, unayoitaka huwa ya chini, na ukiivuta rundo zima linalala. Ikunje kwa urefu mara mbili, kisha uikunje hadi ipate upana wa kiganja, uisimamishe kama daftari kwenye kasha lililo wazi juu. Mapindo yote yanaonekana, na unachomoa moja bila kugusa nyingine.

Milango ya kabati ifikirie upya. Pazia zito kwenye waya au bomba halihitaji nafasi ya kufungukia, linapitisha hewa, na linagharimu kidogo. Kabati la vitambaa na mabomba ya plastiki linafaa kwa miezi michache. Viungo vyake hupasuka upande wa bomba la henga, hasa likibebeshwa jinzi na makoti. Na ukiagiza kabati kubwa la mbao, sema lifungwe kwa bolti vipande vipande. Kabati la kimo cha sentimita 235 na kina cha 60 linaonekana litaenea chini ya dari ya jipsamu ya sentimita 240, lakini likiinuliwa kutoka kulala hadi kusimama, pembe yake inahitaji karibu sentimita 243. Linakwama limeinama, na dari inachubuka.

Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Acha inchi 2 nyuma, la sivyo msimu wa masika ukungu huanza kwenye ubao wa mgongo, kisha kwenye nguo. Miguu ya kabati la MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, iwekewe vipande vya vigae au vikombe vya plastiki, kwa sababu maji ya kudeki huivimbisha, na MDF iliyovimba hairudi.

Ukuta

Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilikuwa na zidaka, vishimo vilivyojengwa ndani ya kuta nene, na vitu vikakaa bila kula hata inchi ya chumba. Kuta zetu za tofali za inchi 5 au 6 haziruhusu hilo, ila wazo linabaki: kitu chembamba, juu ya kichwa, nje ya njia.

Nafasi inayosahaulika ni juu ya mlango. Mlango una kama mita 2.1, dari mita 2.7, katikati kuna sentimita 60. Rafu ya kina cha sentimita 35 ikikaa hapo inabeba mabegi mawili. Kama kuna tundu la hewa juu ya mlango, liache wazi, usiliuze kwa rafu.

Kwa kufunga rafu ukutani, tumia fisha (vile vipande vya plastiki vinavyoingizwa tunduni kushika skrubu) za milimita 8 na skrubu za milimita 5, urefu wa 60. Lipu peke yake, yenye unene wa sentimita 1 au 2, haishiki chochote. Fisha lazima ipenye hadi kwenye tofali. Tundu likitoa vumbi jepesi kama mchanga na drili ikiingia bila nguvu, umeangukia kwenye kiungo kati ya tofali na tofali, sogea sentimita 5. Usitoboe wima juu au chini ya swichi wala soketi, nyaya hupita hapo. Vyuma vya pembe vinavyobeba rafu visiachane zaidi ya sentimita 60 kwa ubao wa inchi 1. Mwenye nyumba akikataa kutobolewa, tumia rafu ya kusimama yenye kina cha sentimita 25, iegemee pembeni, vizito vyote chini.

Feni ya kusimama inakula sakafu ya mguu wake, na ya ukutani haili chochote. Kioo kikitazama dirisha kinaongeza mwanga mchana. Rangi nyeupe inasaidia macho, haiongezi inchi.

Lililobaki ni jiko. Mwenye chumba kimoja hushawishika kusukuma mtungi wa gesi uvunguni kwa kuwa unaenea vizuri. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama chini, na uvungu uliojaa makasha ndipo inapokusanyika bila kupepeswa, chini ya mtu aliyelala na simu iliyo kwenye chaji. Mtungi ukae koridoni au barazani, mahali panapopita hewa, valvu ikiwa imefungwa usiku. Jiko la mkaa nalo, hata likionekana limekufa na kubaki majivu yenye joto, lisiingizwe ndani kulala nanyi. Gesi yake ya sumu haina rangi wala harufu, na chumba kidogo kilichofungwa madirisha hujaa upesi.