Anza na wasiokuwemo: barua kwa mwanangu

Umoja, Nairobi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma mara tatu, nikaona jambo hili halijibiki kwa simu. Unasema Jumatatu utasimama kwa mara ya kwanza mbele ya wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa kwanza hapo Eldoret, karibu mia mbili, uwaanzishie sosholojia ya elimu, somo la jinsi jamii na shule zinavyoumbana. Na kwamba mmoja wao alikusimamisha mlangoni akakuuliza: "Mwalimu, mimi nitafundisha Hisabati na Fizikia. Somo hili linanihusu nini?" Ukakosa la kumwambia. Sasa wauliza mimi ningeanzia wapi.

Ningeanza na wale ambao hawamo ukumbini.

Kabla hujataja jina la mtaalamu yeyote, waambie watoe karatasi. Kila mmoja aandike: darasa la kwanza mlikuwa wangapi? La nane mlifika wangapi? Kidato cha nne je? Kati ya wale mlioanza pamoja, wangapi leo wako chuo kikuu? Na mwisho, amkumbuke mwenzake mmoja aliyebaki njiani, aandike kilichombakisha. Wape dakika kumi, usiseme neno. Zoezi hili nimelifanya na walimu vijana waliokuja shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, na kila mara chumba kilinyamaza. Wataandika karo. Wataandika mimba. Wataandika "mama yake alifariki, akabaki na wadogo zake". Na wengi wataandika "hakuwa na akili ya shule". Hilo la mwisho ndilo ulishike. Mwulize aliyeliandika: ulijuaje? Nani aliyepima, na alipima kwa kitu gani?

Hapo umeshaingia kwenye somo bila wao kujua. Hao mia mbili wameambiwa tangu utotoni kwamba shule ni mbio za haki, mwenye akili hutangulia. Wao ndio waliotangulia, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwapa sababu ya kuitilia shaka hadithi hiyo. Na baada ya miaka minne utawapa chaki wakawapange watoto wengine. Huyo kijana wa Fizikia ataamua nani akae mbele, nani aulizwe swali gumu, nani aambiwe "wewe jaribu kilimo". Mwambie hayo ndiyo yanayomhusu.

Mwambie pia kwamba somo hili halikuzaliwa mbali na walimu. Mwaka 1887 Émile Durkheim, mmoja wa waanzilishi wa sosholojia, aliajiriwa katika chuo kikuu cha Bordeaux, Ufaransa, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu mambo ya elimu. Alichowaambia, nikikiweka kwa maneno yangu, ni kwamba kila jamii ina sura ya mtu inayemtaka, na shule ndipo inapomfinyanga mtu huyo. Ndiyo maana wimbo wa taifa, foleni ya asubuhi, sare, kengele, vyote ni mafunzo hata kama havimo kwenye mtihani. Mimi nakubaliana naye hadi katikati ya njia. Jamii ikiwa moja, sawa. Lakini mji kama huu wetu, wenye Muthaiga ya matajiri na Mathare ya mabanda zinazotenganishwa na barabara, una sura ya nani?

Sasa nikwambie kisa ambacho sijawahi kukusimulia.

Mwaka 1996 nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la saba katika shule moja ya Eastlands. Nilitoa insha: "Likizo niliyoifurahia." Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru. Aliandika kwamba likizo nzima alikuwa akipanga foleni ya maji na mtungi wa lita ishirini, mdogo wake mgongoni. Kisha usiku mmoja maji yakaja saa sita, majirani wakatoka wote na mitungi, wakaanza kuimba kwenye foleni, na mama yake, ambaye hakuwa amecheka tangu Pasaka, akacheka. Hiyo ndiyo likizo aliyoifurahia. Aliandika kwa maneno mepesi, ukurasa mmoja na nusu. Nilimpa alama kumi na nne kwa arobaini, nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Lugha haina mapambo. Tumia methali na tamathali."

Mvulana aliyekaa mbele yake, ambaye baba yake alikuwa akifanya kazi ya benki, aliandika safari ya Mombasa kwa gari la moshi. Majogoo yaliwika, jua likachomoza kwa madaha, wavyele wakamwambia haraka haraka haina baraka. Sentensi nyingi zilitoka kwenye kitabu cha insha za mfano alichonunuliwa. Nilijua, kwa sababu hata mimi nilikuwa nacho. Nilimpa thelathini na nne, nikaisoma insha yake mbele ya darasa.

Miaka minane baadaye, nilipokuwa nasoma digrii yangu wakati wa likizo (unakumbuka mlivyokuwa mkila githeri siku tatu mfululizo), mhadhiri alitupa sura chache za mwanasosholojia Pierre Bourdieu. Nilidhani nitakutana na Mfaransa wa mjini. Kumbe alizaliwa kijijini, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1930, mtoto wa mfanyakazi wa posta, akapelekwa shule ya bweni mjini. Katika kitabu alichoandika na Jean-Claude Passeron mwaka 1970, hoja yao ni kwamba shule hudai kwa watoto wote kitu ambacho haiwafundishi wote. Namna ya kuongea, namna ya kuandika, vitabu ulivyovizoea, ule utulivu wa mtoto anayejua kwamba mwalimu anazungumza kama baba yake. Vitu hivi mtoto huvikuta nyumbani, kama wengine wanavyokuta shamba. Wao waliviita mtaji wa kitamaduni. Kisha shule huvipa alama, na urithi huo ukishapata alama huitwa kipaji.

Niliweka kitabu chini nikatoka nje. Yule msichana muhula wa pili wa darasa la nane hakurudi. Sikumfuata. Sisemi alama zangu ndizo zilizomwondoa, kwa maana karo na maji viliweza bila msaada wangu. Ninachosema ni kwamba mimi, niliyekuwa nampenda, nilimwandikia kwa wino mwekundu kwamba maisha yake si lugha. Na nilifanya hivyo nikiufuata mwongozo wa kusahihisha kwa uaminifu. Nakuruhusu kukisimulia kisa hiki Jumatatu. Usiseme ni mama yako ikiwa kitakutatiza, lakini kisimulie chote.

Jihadhari na jambo moja. Wanafunzi wakishaelewa Bourdieu, huwa wanakata tamaa haraka: kama nyumbani ndiko kunakoamua, mwalimu wa nini? Hapo watolee habari za James Coleman, mwanasosholojia wa Marekani. Mwaka 1966 serikali ya nchi hiyo ilitoa ripoti aliyoiongoza, iliyopima wanafunzi zaidi ya nusu milioni. Ilionekana kwamba tofauti za majengo na vifaa zilieleza matokeo ya mtoto kidogo kuliko hali ya nyumbani kwake. Wengi husimama hapo. Lakini ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba ubora wa mwalimu uliwagusa zaidi watoto wa jamii zilizobaguliwa kuliko watoto wa wenye nafasi. Mtoto wa benki alikuwa na kitabu cha mfano hata kama mimi ningekuwa mwalimu hafifu. Wa Mukuru alikuwa na mimi tu.

Yale mafungu ya nadharia mnayoyapanga kwenye silabasi, ya wanaoona maafikiano na ya wanaoona mgongano, wape kwa dakika ishirini, wayajue majina, msonge mbele. Nimeona walimu wengi wazuri wakilizika somo hili hapo.

Usikae sana Ufaransa pia. Wengi wao wameupita mji huu kwa basi, basi waonyeshe walichokipita. Ile shule iliyo Waiyaki Way, Nairobi School, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales, kwa wavulana wa Kizungu. Lenana, kule Ngong Road, ilianza kama Duke of York, nayo vivyo hivyo. Wahindi walikuwa na shule zao. Waafrika, wale wachache waliopata sekondari, walitafuta nafasi kama Alliance, iliyofunguliwa na wamisheni mwaka 1926 kule Kikuyu. Mitaa iligawanywa kwa rangi, na shule zikafuata mitaa. Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa kabla sijaanza darasa la kwanza. Kilichobaki ni ardhi: shule yenye viwanja vitano vya michezo ingali na viwanja vitano, na ya Eastlands ambayo ilijengwa ikiwa imebanwa ingali imebanwa. Siku hizi mlangoni hawakuulizi rangi, wanakuuliza karo na alama. Waulize wanafunzi wako hizo alama nazo zinapatikana wapi.

Kuna kisa kingine cha hapa kwetu ambacho sipendi wakikose. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyotumwa na mfuko wa Kimarekani, ilizunguka Afrika Mashariki, ikapendekeza elimu ya Mwafrika ielekee kilimo, kazi za mikono na maisha ya kijijini. Maneno yenyewe yalisikika mazuri. Lakini wazazi waliona vijana wa Kizungu wanafundishwa kutawala na wao wanapewa jembe. Mwishoni mwa miaka ya 1920, ugomvi na wamisheni ulipochacha kule Kikuyu, watu walianza kujenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri. Wanawake nao walichanga pesa. Serikali ilikuja kuzifunga shule hizo wakati wa hali ya hatari, mwaka 1952. Hao akina nyanya wa Githunguri hawakusoma sosholojia, lakini swali lake walilijua kabisa: nani anaamua mtoto wa nani afundishwe nini?

Na swali hilo liko mezani leo. Watoto wa mtaala wa umilisi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wamegawanywa katika mikondo mitatu: wa kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa pili ni sayansi za jamii; wa tatu ni sanaa na michezo. Mimi siupingi mgawanyo huo, wapo watoto utakaowaokoa. Ila shule isiyo na maabara itampa mtoto mkondo usiohitaji maabara, kisha sote tutasema huo ndio mwelekeo wake. Huyo kijana wako wa Fizikia atakuwa ndani ya jambo hilo hadi shingoni. Mwombe alifikirie kuanzia sasa.

Ukipata nafasi, wasimulie mtafiti Mwingereza Paul Willis na wavulana kumi na wawili aliowafuata katika mji wa viwanda Uingereza, akaandika habari zao mwaka 1977. Waliwacheka walimu, waliwacheka wenzao watiifu, waliona wazi kwamba cheti hakitawafikisha kokote. Na kwa kuikataa shule, walitembea kwa miguu yao wenyewe hadi kwenye kazi za viwandani kama za baba zao. Nilipomsoma niliwakumbuka wale wavulana wangu wa darasa la nane waliokuwa wakining'inia mlangoni mwa matatu ya Umoja hata kabla mtihani haujaisha. Tuliwaita watukutu. Hawakuwa wajinga, mwanangu. Walikuwa wamepiga hesabu ya karo ya sekondari na ya pesa za makanga kwa siku, wakaliona jibu lake mapema kuliko sisi.

Hapo Eldoret una jambo ambalo sisi wa Nairobi hatuna. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja walijitokeza nchini. Darasani kwangu mwenyewe walifika mia moja na ishirini, wengine ndevu zikianza kuota. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge akaingia darasa la kwanza hapo hapo Eldoret akiwa na miaka 84. Alikuwa ameisubiri shule maisha yake yote. Kila ninapomfikiria naona haya kusema mtu "hakuwa na akili ya shule".

Baba yako anakusalimu, anauliza kama lile koti la mvua lilifika. Jumatatu jioni nipigie. Usinieleze kwanza kama mhadhara ulikwenda vizuri. Nisomee zile karatasi, hasa ule mstari wa mwisho, na uniambie ni wangapi waliotaka kuufuta walipomaliza kuandika.

Mama yako