Uliza Anko: Domeini za .cn zinalipa kweli?

SWALI: Shikamoo Anko. Niko Kariakoo nauza vifaa vya simu, mzigo naagiza Guangzhou. Kuna jamaa nafanya nae biashara huko kaniambia nisizike hela yote kwenye mzigo, ninunue domeini za .cn, yani majina ya tovuti za China, zile fupi za namba au herufi nne, nikae nazo miaka miwili mitatu alafu wachina wenyewe watanitafuta. Anasema ni kama kununua kiwanja Kigamboni kabla ya daraja. Nina milioni mbili na nusu, niingie?
*Wa Kariakoo*

JIBU: Marahaba. Kiwanja ukikisahau miaka mitano unakikuta, labda jirani kasogeza mpaka kidogo. Domeini usipoilipia mwaka mmoja tu imeenda, mwingine anaichukua. Kwahiyo anza na hesabu hiyo kwanza. Tuseme unanunua 50 na kila moja unailipia dola 10 kwa mwaka, hiyo ni dola 500 kila mwaka, zaidi ya milioni moja ya kwetu, na hapo hujauza hata moja. Mwaka wa pili mtaji wako umeisha kwenye kulipia tu.

Alafu hizo fupi nzuri zilishachukuliwa kitambo. Zamani mtu alikuwa anapata .com.cn au .net.cn, .cn tupu ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2003, na wachina hawakulala. Leo ukitaka ya namba nne au herufi tatu unainunua kwa mtu aliyeishika, tena mchina anayelijua soko kuliko wewe. Sasa jiulize, kama wanunuzi wako hapo hapo mlangoni kwake, kwanini akuuzie wewe wa Kariakoo?

Sisemi hazina thamani, zinayo. Wachina wanapenda namba kwenye intaneti kuliko sisi, tiketi za treni za nchi nzima zinakatwa 12306.cn, na Google mwaka 2007 walikuwa na g.cn yao, herufi moja tu. Namba yenye 8 nyingi inapanda bei, yenye 4 inashuka kwasababu 4 kwao ina mkosi. Kwenye herufi, wafanyabiashara wa domeini wanataka zisizo na a, e, i, o, u wala v, maana kila herufi wanaisoma kama mwanzo wa neno la kichina. Lakini angalia hela nzito zilikoenda. Xiaomi walichukua mi.com mwaka 2014, bei iliyotajwa ni dola milioni 3.6. Qihoo, kampuni ya intaneti ya China, mwaka 2015 wakachukua 360.com kutoka Vodafone, ikatajwa dola milioni 17. Zote mbili ni .com. Mchina mwenye hela ya kweli anaitaka .com kwanza, .cn anaichukua baadae ili mwingine asiishike. Na hata hizo herufi nne za .com zilipanda kama moto mwisho wa 2015, zikaporomoka 2016, waliochelewa wakabaki nazo mkononi.

Kubwa zaidi ambalo jamaa yako hajakwambia ni hili. Mwaka 2007 .cn iliuzwa kwa ofa ya yuan 1, yani bei ya pipi, watu wakabeba mpaka mwisho wa 2008 zilikuwa zaidi ya milioni 13 na .cn ikaipita .de ya Ujerumani kwa wingi. Desemba 2009 CNNIC, hao ndo wanaosimamia .cn, wakatangaza kwamba anayesajili alete leseni ya biashara na muhuri wa kampuni, mtu binafsi basi. Mwaka uliofuata GoDaddy, kampuni kubwa ya Marekani inayouza domeini, wakaacha kuuza .cn mpya, na kufika mwisho wa 2010 zilibaki milioni 4 na ushee. Watu binafsi waliruhusiwa tena Mei 2012. Sasa hivi zimerudi kuwa milioni 20 hivi, sawa, ila umeona sheria inavyoweza kugeuka ndani ya mwezi mmoja na wewe uko Dar huna wa kumlalamikia.

Kwa hiyo hapana, usiingie na hiyo hela. Kama roho inakuwasha sana nunua moja, ya jina la duka lako, basi.

SWALI: Salaam aleikum Anko. Nina biashara ya viungo hapa Mombasa, tovuti yangu ni .co.ke. Nimepata imeili kutoka "ofisi ya usajili Shanghai", wasema kuna kampuni imeomba jina langu la biashara kwa .cn, .com.cn na .asia, kwahivyo nijibu ndani ya siku 7 ama watawapa. Nilipe?
*Mama Viungo*

JIBU: Waaleikum salaam mama. Usilipe, na usijibu kabisa, ukijibu watajua imeili yako ina mtu. Huu mchezo ni wa miaka mingi, umezunguka dunia nzima. Hiyo kampuni inayolitaka jina lako haipo, na ukisema "basi nichukue mimi" wanakuuzia hizo hizo domeini kwa bei mara kadhaa ya kawaida, miaka mitano kwa mpigo. Msajili wa kweli hana kazi ya kukutafuta kukuuliza, domeini ni anayewahi ndo anapata. Ingia kwenye tovuti ya CNNIC utafute jina lako, utalikuta liko wazi tu, hajaomba mtu.

Na siku mtu akilichukua kweli, kama jina ni alama yako ya biashara iliyosajiliwa unaweza kumshtaki Hong Kong kwa HKIAC, kituo cha usuluhishi cha huko, ila usikae, malalamiko ya .cn yana ukomo wa miaka 3 toka iliposajiliwa.

SWALI: Anko mimi niko Maskati, si mchina, naruhusiwa kuwa na .cn? Na lazima niweke saiti kwenye seva ya China?
*Wa Maskati*

JIBU: Unaruhusiwa, unatuma pasipoti au leseni ya kampuni kwa msajili na jina liwe lile lile herufi kwa herufi, la sivyo domeini inakaa haifunguki. Seva weka popote. Ukiiweka China bara ndo unatakiwa kibali cha ICP, yani ruhusa ya serikali ya China ya kuweka saiti huko, na hicho bila kuwa na kampuni au mtu wa kule utasumbuka sana.