MUULIZE FUNDI: Papi za chuma kwenye paa la tao

Shikamoo fundi. Mi na wenzangu tuna karakana ya kuchomelea hapa Morogoro, tumepata kazi ya ukumbi wenye paa la tao, upana mita 12 na katikati linanyanyuka mita 2, matao yatakaa kila baada ya mita 5. Tajiri ameshanunua papi za kubeba bati, zile zedi zenye umbo la Z, kimo milimita 150. Kenchi za kawaida tumezoea ila tao hatujawahi. Mwenzangu anasema tugawe zile mita 12 chini sakafuni kwa mita 1.2, tupandishe alama kwa timazi, alafu zedi tuzichomelee moja kwa moja juu ya tao. Ni sawa? Na zedi inageukia wapi?

Marahaba kijana. Mwambie mwenzako aweke timazi pembeni kwanza. Ukigawa sakafuni, kule juu katikati utapata mita 1.2 yako vizuri tu, lakini ukishuka kwenye ukuta tao linakuwa na mteremko mkali, kwahiyo ile mita 1.2 ya chini inakuwa kama mita 1.43 juu ya mgongo wa tao, yani nafasi kubwa kabisa imeenda kukaa pembeni ambako upepo ndo unapenda kuanzia kung'oa bati. Kipimo cha tao kinapimwa juu ya tao lenyewe, tepu ilale mgongoni.

Hesabu sio ngumu. Nusu ya upana ni 6, zidisha kwa yenyewe 36, ongeza kimo mara kimo 4, inakuwa 40, gawa kwa kimo mara mbili yani 4, unapata nusu kipenyo cha mita 10. Tao la hivyo lina urefu wa mita 12.87 toka mwisho hadi mwisho. Gawa mara 11 unapata nafasi za mita 1.17, na papi zitakuwa 12. Nimechagua 12 makusudi, manake zikiwa shufwa hakuna papi inayokaa kileleni kabisa, zinakaa mbili, moja huku moja kule. Na hapo ndo jibu la swali lako la mwisho, ulimi wa juu wa zedi, yani ule ukingo bapa unaobeba bati, siku zote unaelekea kileleni, upande wa kushoto unatazama kulia na wa kulia unatazama kushoto. Ukiugeuza uangalie chini ya mteremko, uzito unaisokota zedi, na zedi ni chuma chembamba haichelewi kulala. Sasa papi ingekuwa kileleni katikati mngeanza tena kubishana igeukie kwa nani.

Kuhusu kuchomelea, hapana. Zedi hiyo ni bati la milimita moja na nusu au mbili limepakwa zinki, ukiipiga moto wa welding rodi unatoboa, zinki inaungua na kutu inaanzia hapohapo chini ya bati ambako hutaiona mpaka idondoke, na ule moshi mweupe wa zinki ukiuvuta siku nzima usiku unatetemeka kama una malaria. Kata vipande vya anga, kile chuma chenye umbo la L, sisi tunaviita kliti, chomelea kliti kwenye tao tao likiwa bado chini uwanjani, paka rangi ya kuzuia kutu, zedi ije ifungwe kwa bolti za milimita 12 kupitia matobo. Ukitoboa mwenyewe, maliza na rangi ya zinki.

Kliti ndo kazi yenyewe, hapa tulia. Mafundi wengi wanasimamisha kliti kwa pima maji, wima kabisa kama nguzo, na kwenye tao hilo ni kosa. Kliti inasimama kwa skwea, yani pembe mraba, juu ya mgongo wa tao pale ilipo, kwahiyo ya kileleni iko karibu wima na ya ukutani imelala nje karibu nyuzi 37, kila moja inapishana na jirani yake kama nyuzi 6.7. Ukiziweka zote wima, ulimi wa zedi hautalala sawa na bati, bati litagusa ukingo mmoja tu na skrubu ikikazwa inavuta bonde. Tengenezeni tao moja kwa utulivu liwe mama, mengine yote yalazwe juu yake mhamishe alama, msipime kila tao upya kwa tepu, mtatofautiana tu.

Mkishainua, simamisheni matao mawili ya kwanza mkafunge na breisi zake, vile vyuma vya mshazari, kabla ya lingine. Anzeni papi za pembeni kabisa na zile mbili za juu, vuteni kamba toka tao la kwanza hadi la mwisho, alafu ndo mjaze katikati. Kupima kama mduara uko sawa, weka vibao viwili vya sentimita 10 juu ya papi ya kwanza na ya tatu, vuta kamba juu yake, kati ya kamba na papi ya pili ibaki kama sentimita 3. Ikibaki 4 papi imezama, weka kipande cha flati ba, yani chuma bapa, chini ya kliti. Rudia papi kwa papi, inachosha lakini bati halisamehi.

Vingine viwili. Papi zile za pembeni zimelala sana na mita 5 ni ndefu, funga nondo za kuzivuta katikati ya kila nafasi zisipinde kwa kulala. Na bati usiagize mita 12.87, papi zina milimita 150, juu yake mduara umeongezeka unakuwa mita 13.06, hapo bado hujaongeza ya kuning'inia nje. Mahesabu ya unene wa zedi na tao lenyewe mpelekee mhandisi aliyesajiliwa asaini, ukumbi unaingiza watu. Na mikanda ya usalama vaeni, msitembee juu ya zedi ambayo bolti hazijakazwa.

Habari kaka fundi. Nyumba yangu Dodoma ina kibaraza cha paa la mviringo, bati la msauzi, linaonekana lina mawimbi na mvua ikinyesha linavuja palepale juu. Fundi anasema bati feki. Ni kweli?

Nzuri dada. Inaweza kuwa feki lakini nisingeanzia huko. Panda ngazi angalia kwa ndani, kama bati haligusi baadhi ya papi ujue papi hazifuati mduara na skrubu ndo zimelivuta, hilo linarekebishika, zinalegezwa na kuwekewa vipande. Ila kama mikunjo iko hata kati ya papi na papi, bati lako ni gumu kwa mduara huo, msauzi una migongo mirefu haupendi kupindwa kwa mkono. Hapo ni kubadili, ama bati la mawimbi ya kawaida ambalo ni laini zaidi, ama lililopindwa kwa mashine kiwandani. Kuvuja juu ni kawaida pakipuuzwa, kileleni hakuna mteremko maji yanazubaa na kuingia kwenye maungio ya pembeni. Pale juu maungio yanatakiwa gundi ya kuzibia ndani, sio kupakwa lami juu. Na kama wameunganisha bati mbili kichwa kwa kichwa kileleni, usimlipe fundi hela anayokudai bado.

Salaam aleikum fundi. Mimi ni wa Mombasa, nshaambiwa papi za chuma lazima zipindwe na mashine ndipo paa liwe duara. Bei yake si mchezo. Ni lazima?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Si lazima. Papi zinakwenda kwa urefu wa jengo, zinabaki zimenyooka, kinachopinda ni tao na bati. Peter Nissen, yule mwanajeshi wa Uingereza aliyebuni vibanda vya bati vya nusu duara mwaka 1916, juu ya mbavu zake za chuma alilaza papi za mbao zilizonyooka tu. Kama paa lako linapinda pande zote mbili kama kuba la msikiti hapo habari nyingine, nitumie mchoro tuangalie.