Kabla baiskeli haijaingia kwenye buti

Juzi pale stendi ya Mbezi nimeona tena baiskeli ya mmoja wenu wa kundi letu la baiskeli ikisukumwa ndani ya buti la basi, imelazwa upande wa gia, na utingo anarundika magunia juu yake. Mwenyewe yuko dirishani anapiga selfi. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtaniua kwa presha. Kila likizo simu ni zilezile: "Kaka, hapa Korogwe tyubu ya saizi ya 700 naipata wapi?" Huipati. Kwa hiyo tulieni niwaeleze.

1. Anza na safari, baiskeli baadaye. Unakwenda kuendesha kutwa, siku baada ya siku? Beba yako, mwili umeshaizoea. Unakwenda harusini Moshi na ungependa kuzunguka asubuhi kidogo? Azima, kodi, au tembea kwa miguu, hakuna atakayekucheka. Wengi wenu mnabeba kwa sababu mnaipenda. Hata mimi niliipenda yangu.

2. Kubeba yako kwa basi. Hapa mnivumilie kidogo.

Nilikuwa na baiskeli ya alumini niliyoinunua kwa kujinyima, gia laini, rangi ya kijivu, naifuta kwa kitambaa kila nikirudi nyumbani. Nikapanga kushuka nayo Mombo, nipande Lushoto. Mkubwa mmoja wa kundi letu akanishauri niiache Dar, niazime huko huko. Moyoni nikasema mzee amechoka. Asubuhi stendi utingo akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Braza, hii inalala upande gani?" Nikamjibu: "Wowote."

Wowote! Basi lilikuwa limejaa mizigo ya wafanyabiashara, na mimi nikalala mpaka Chalinze.

Mombo nikaishusha, nikazungusha gurudumu, mnyororo ukawa unaruka kidogo, kra, kra. Hanga, kile kichuma kidogo cha nyuma ya fremu kinachoshika mkono wa gia unaohamisha mnyororo, ilikuwa imepinda kwa ndani, kiasi ambacho ukichuchumaa nyuma ya baiskeli unakiona vizuri. Sikuchuchumaa. Nilijiambia gia zitajiweka sawa njiani, kana kwamba gia ni mtoto aliyenuna. Mnaijua ile barabara: kilomita thelathini na kitu, unatoka kwenye joto la tambarare mpaka karibu mita 1,400, kona juu ya kona. Tambarare ilipoisha na mlima ukaanza kusema, nikashusha gia mpaka nyepesi kuliko zote. Hanga ikipinda kwa ndani, hiyo ndiyo gia unayopaswa kuiogopa. Mkono wa gia ukaingia kwenye spoki. Ulitoka mlio kama sufuria imeangukia sakafu ya saruji, gurudumu likagoma, na mimi nikawa nimelala lami nikiangalia miti ya Usambara kichwa chini.

Hanga vipande viwili. Mkono wa gia umejikunja. Spoki zimekatika. Nikarudi Mombo naikokota kwa fundi, mzee mwenye boksi la gololi na pampu ya mguu. Akaigeuza, akaitazama kwa huruma ya mganga. "Mwanangu, hiki kidude hata Tanga mjini hukipati." Alisema kweli, hanga inafuata fremu, na ya fremu nyingine haiingii. Akakata mnyororo, akaufunga kwenye sproketi ya kati, nikawa na gia moja. Gia moja kwenye mlima ule maana yake ni kusukuma. Nikasukuma. Akina mama wanaoteremka na vikapu vya matunda kichwani wakanipa pole, watoto wa karibu na Soni wakanisindikiza wakiulizana kama nimeiba. Nafika Lushoto giza limeshaingia, kijana wa mapokezi anaitazama baiskeli, ananitazama mimi, anasema: "Si ungepiga simu? Mimi ninayo, ina gia zote, huwa naazimisha wageni."

Sasa dondoo zenyewe, fupi. Upande wa gia uwe juu, siku zote. Fungua mkono wa gia kwenye hanga, uviringe kitambaa, uufunge ndani ya fremu. Weka kipande cha mbao katikati ya miguu ya foku, ule uma wa mbele, ukitoa gurudumu. Breki za diski zichomeke kadibodi kati ya pedi. Pedali la kushoto linafunguka kwa kufuata mwendo wa saa, msiling'ang'anie mpaka likaharibika. Hanga ya akiba ni ndogo kuliko kiberiti, ibebeni. Kwa ndege ni hayohayo ndani ya boksi, ila betri ya baiskeli ya umeme iacheni nyumbani, maana ndege za abiria hazipokei inayozidi wati-saa 160 na zenu karibu zote zinapita hapo.

3. Kununua huko huko. Kwa Tabora au Shinyanga, kwenye tambarare, ukikaa wiki kadhaa, nunua baiskeli ya Phoenix iliyotumika na uiuze ukiondoka. Kila mwembe una fundi, na kila fundi ana tyubu yake. Ila msidanganywe na namba: tairi yake ya inchi 28 inakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, ya kwenu ya 700 ni 622, milimita 13 za tofauti. Tyubu yake mnaweza kuilazimisha ikawafikisha, tairi haikai. Na msiipeleke Lushoto, breki zile za vyuma kwenye rimu ya chuma iliyolowa ni kama kuomba dua tu.

4. Ya kukunja. Chagueni gurudumu la milimita 406, maana tyubu za baiskeli za watoto za inchi 20 zinaingia. Zile za 349 na 451 ni nzuri dukani.

5. Kukodi. Unguja mimi nakodi, sibishani tena. Maji yakipwa unaendesha juu ya mchanga mgumu kutoka Bwejuu kwenda Paje na Jambiani, raha tupu, lakini chumvi ile inakula mnyororo, bora ule usio wako. Kabla ya kulipa, bana breki zote mbili ukiwa umekaa juu ya tandiko, zungusha magurudumu, dai pampu na kufuli. Pasipoti usimwachie mtu, nakala inatosha. Halafu uliza upepo. Miezi ya kusi anza kwa kuelekea kusini, ukiwa bado na nguvu, urudi unasukumwa. Kaskazi ikivuma, geuza. Mwenye baiskeli hatakwambia, yeye analipwa kwa saa.